Kipenzi Hasemi Hapana

Machi 2

Mvua ya kwanza leo, ya kulaza vumbi tu. Mama amenituma nikauangalie mfereji. Nikamwambia mfereji ni uleule na ukuta ni uleule. Akasema, "Basi kauangalie uleule."

Nimekwenda. Ukuta wa mwoka mikate upo. Kiangazi kilichopita alipanua ghala lake la unga, na kiwanja kilipomwishia kwenye mfereji, akajenga juu ya mfereji. Chini aliacha tundu la kupitisha maji, tundu ambalo ndoo hupita kwa kubembelezwa. Maji ya mtaa mzima wa juu yanatakiwa kupita hapo. Yakikosa njia yanageuka na kushuka kwenye uchochoro wetu, na nyumba ya kwanza uchochoroni ni yetu. Marehemu baba aliijenga kwa mikono yake. Mama miguu imekufa ganzi, siku hizi hatembei, na amekwisha kusema kwamba humo atatoka siku ya kubebwa.

Machi 5

Mdogo wangu anagombea udiwani. Amekuja kutuambia akiwa na mjomba, mjomba mbele, yeye nyuma, kama watu waliokuja kuposa.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Ni Kipenzi. Kazi yake ni kuongoza sherehe: harusi, mahafali, na hata msibani akishika kipaza sauti wafiwa hutabasamu. Akienda dukani kununua kiberiti, chai inapoa tukimngoja, maana kila mlango una wa kumsalimu, kila anayemsalimu ana shida, na kila shida ina jibu lilelile: usijali. Tangu utotoni hajui kusema hapana. Wenzake walimwomba viatu akawapa. Akanunuliwa vingine, navyo akavitoa. Tulisema ana moyo mweupe. Viatu vyenyewe vilitoka kwenye cherehani yangu.

"Udiwani unautakia nini?" nimemuuliza.

"Watu wananitaka, dada."

"Wanakutaka harusini."

Mjomba akaingilia. "Kupendwa ndiyo siasa yenyewe. Nani kata hii anapendwa kuliko huyu? Nitajie mmoja tu."

Mama alikuwa analia kwa furaha. Nikawachemshia chai.

Machi 9

Mvua. Nimeshona aproni za duka la mikate. Mama anakohoa.

Machi 14

Mpinzani wa Kipenzi amejulikana na mtaa mzima umecheka. Ni Pilipili, yule bibi afya mstaafu. Enzi zake alipita nyumba kwa nyumba na fimbo ndefu, akichungulia vyoo, akifunua mapipa ya maji, na kusema mbele za watu yale ambayo mtu angeomba aambiwe chumbani. Mimi aliwahi kuniondoa barazani na cherehani yangu, wateja wanaangalia, eti nimeziba njia. Nilimlaani siku ile hadi ulimi ukachoka.

Mjomba anasema Pilipili atapata kura yake na ya fimbo yake. Nimecheka na mimi.

Machi 20

Kipenzi amefanya mkutano hapa uchochoroni. Nilimtolea Mama kiti mlangoni aone. Watu walijaa mpaka juu ya kuta, na kabla hajafungua mdomo walikwisha kuanza kupiga makofi. Aliiga mlevi anayedai chenji. Aliiga mwalimu mkuu. Hata mimi mbavu ziliniuma.

Kisha jirani yetu muuza mkaa akasimama. "Kipenzi, mwanangu, tumecheka. Sasa ule ukuta je? Mvua zenyewe ndizo hizi."

"Ukuta?" Kipenzi akageuka, akamwangalia Mama mlangoni. "Jamani, yule pale ni mama yangu mzazi. Mnadhani nitamwacha alale majini? Msijali. Ule ukuta hesabuni umekwisha bomolewa."

Nilijifuta macho kwa upindo wa gauni. Naandika hili kwa sababu ni kweli: leo nilijivuna kuwa dada yake.

Machi 23

Nimepeleka aproni kwa mwoka mikate. Picha ya Kipenzi imebandikwa juu ya tanuri, na mwenye tanuri alikuwa na furaha ya bwana harusi.

"Mdogo wako ni mtu, fundi. Si kama yule bibi wa fimbo. Kipenzi alikaa hapo hapo ulipo, akanywa chai yangu, akaniambia, 'Baba, ghala lako usijali. Ukuta hautaguswa na mtu.'"

"Lini?"

"Siku ile ile, alipotoka kwenye mkutano kwenu."

Kwa hiyo alitoka kwetu, matope ya uchochoro wetu yakiwa bado kwenye viatu vyake, akaingia kwa mwoka mikate. Nimesahau hata kuchukua ujira wangu. Nilikwenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwake mtaa wa juu, nikamkuta anajaribu makoti.

"Umemwambia nini mwoka mikate?"

"Nimemwambia asijali."

"Na sisi ulituambia nini?"

"Niliwaambia msijali."

"Ukuta ni mmoja."

Akacheka, kicheko chake kile cha kuwatuliza wageni chakula kinapochelewa. "Dada, siasa si kama ushonaji. Huwezi kukata kitambaa mapema."

"Kitambaa kisichokatwa hakivaliki."

"Ungependa niseme nini? Nikimwambia mwoka mikate ukuta unavunjwa, atanichukia. Wafanyakazi wake wote watanichukia."

Alilisema neno hilo, kunichukia, kama vile ugonjwa. Nikamtazama mwanamume mzima mwenye ndevu, nikaona kwamba hajadanganya kwa hila. Afadhali angekuwa na hila. Mwenye hila unaweza kukaa naye chini mkabishana. Huyu anaumwa akiona uso uliokunjwa, na ili uso ukunjuke atatoa chochote, mradi si chake. Waswahili wamesema hewala haigombi. Hawakusema hewala inabomoa ukuta.

Machi 24

Bado nina hasira.

Machi 29

Mvua tangu asubuhi. Nimeiweka cherehani juu ya matofali. Mama aliuliza kwa nini, nikasema napanga chumba upya. Akasema, "Mimi miguu ndiyo iliyokufa, si akili."

Aprili 6

Leo Pilipili amekuja uchochoroni peke yake, bila ngoma wala gari, na fimbo yake. Aliitumbukiza kwenye tundu la ukuta. Ikakwama. Akaichomoa ikiwa na mfuko wa plastiki, akauinua tuuone wote.

"Ukuta huu ni wa kubomoa," alisema. "Nikishinda nitaubomoa, na mwenye ghala nimeshamwambia. Ametaka kunimwagia maji ya moto. Na hii takataka ni yenu nyinyi. Atakayetupa taka mferejini nitamtoza faini, hata awe nani, hata awe mgonjwa."

Muuza mkaa akanong'ona, "Mama huyu ana roho mbaya." Wengine wakaitikia. Akaondoka bila hata mtu mmoja wa kumsindikiza.

Nimekaa kwenye cherehani mchana kutwa nikimfikiria. Kwa pumzi moja amepoteza kura za juu na za chini. Lakini upande ule wa ukuta na upande huu amesema maneno yaleyale. Nimejaribu kumkumbuka mtu mwingine aliyefanya hivyo kampeni hizi, sikumpata. Kisha nikakumbuka mwaka ule wa kipindupindu, mtaa wa pili walipozika watoto. Sisi hatukuzika hata mmoja, na sote tulisema ni Mungu. Labda. Lakini Mungu hakuwa anafunua mapipa yetu kwa fimbo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nami bado simpendi.

Aprili 12

Jana sikuandika. Sikuwa na mahali pakavu pa kuandikia.

Mvua ilianza alfajiri. Wakati wa chai maji yakapita chini ya mlango, kwanza membamba, ya adabu, nikayafuta kwa tambara. Nilipokuwa nakamua tambara yakasukuma mlango. Yalikuwa ya rangi ya kahawia na yalikuwa na kila kitu cha mtaa wa juu: maganda, kandambili, mavi. Nikapandisha sare za shule nilizokuwa nawashonea wateja juu ya kabati, kabati likaanguka. Nikamwendea Mama. Maji yalikuwa yamefika kwenye godoro. Nikamwinua kwapani nikashindwa, nikajaribu tena nikashindwa, na yeye ananiambia kwa upole, "Pumzika kwanza, mwanangu," kana kwamba nimebeba gunia la mtu.

Nikapiga simu kwa Kipenzi. Sitasema hakuja. Alikuja mbio, shati jeupe, akaingia majini na viatu vyake. Alimpandisha Mama mgongoni na kutoka naye. Alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli, mimi namjua. Nami nilifuata nyuma nimeshika miguu ya Mama isiburuzike.

Nje watu walisimama pande zote mbili za uchochoro, maji magotini. Walipomwona walianza kupiga makofi. Simu zikainuliwa. Mwanamke mmoja aliita, "Huyo ndiye mwana!" na wote wakalidaka. Nyumba zao zilikuwa zinazama na wao wanashangilia.

Hapo ndipo Mama alipoinamia sikio la mwanawe. Nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Umenibeba vizuri, mwanangu," alisema. "Ungeuvunja ukuta, nisingebebwa."

Kipenzi alimgeukia mwenye simu iliyokuwa karibu, akatabasamu. Sidhani hata alijua kwamba ametabasamu. Uso wake umezoea.

Baadaye nikaenda kwenye ukuta. Tundu limezibwa na matawi na vitambaa. Nikachungulia dirisha la ghala. Unga wote mkavu, magunia yamepangwa vizuri, na paka amelala juu yake.

Aprili 14

Picha imebandikwa kila nguzo: Kipenzi majini, Mama mgongoni. Chini wameandika: ATATUBEBA SOTE.

Nimechana ya kwenye mlango wetu. Ya dukani pia. Ya tatu nilishikwa mkono na muuza mkaa, yuleyule ambaye mkaa wake wote umekuwa tope. "Dada mtu una wivu," aliniambia. "Mwana gani mwingine angefanya vile?"

Nikamwambia mwana mwingine angebomoa. Akanionea huruma.

Aprili 16

Mama yuko kwa Kipenzi, sebuleni, anaonyeshwa wageni. Sare za shule nimezifua mara ya pili. Harufu haitoki.

Aprili 18

Mjomba amekuja. Siku ya kufunga kampeni kila mgombea anasimamisha mtu wa nyumbani kwake, aeleze mgombea akiwa kwao ni mtu gani. Mama hawezi kusimama, basi nimebaki mimi.

"Sitakwenda."

"Damu nzito kuliko maji, binti yangu."

"Maji niliyaona, mjomba. Yalikuwa mazito ya kutosha."

Aliketi, akavua kofia. "Unamtafutia mdogo wako aibu?"

"Mmemvisha kilemba cha ukoka, mnacheka jinsi kinavyompendeza. Aibu mmemtafutia nyinyi."

Baada ya kuondoka nikabadili mawazo. Nimemtuma mtu amwambie nitakwenda, na nitasema.

Aprili 20

Nimesema.

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Alitangulia Pilipili. Hakuwa na ndugu wa kumsimamisha. Alisimama mwenyewe, akasema atabomoa nini na kutoza nani, watu wakazomea, akamaliza na kuketi kwenye kiti cha mwisho. Kisha nikaitwa mimi. Nikakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu ni mtu mwema," nilianza. Makofi. "Tangu azaliwe hajamkatalia mtu kitu." Makofi zaidi. "Mimi aliniahidi ukuta utavunjwa. Yule pale, mwoka mikate, akaahidiwa hautaguswa. Wote wawili tulirudi nyumbani na furaha, ila mimi nilirudi majini. Mkimpa kura atawapa usijali, kila mtu na yake. Mpendeni. Mwiteni harusini. Lakini kura msimpe."

Niliona nyuso zikianza kufikiri, naapa niliziona. Kisha mtu mmoja katikati akacheka, na Kipenzi akakinyakua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu, kwa upole, kama anavyokinyang'anya kwa mlevi harusini.

"Mnaona?" alisema. "Kwetu tulizaliwa wachekeshaji, ila dada ndiye aliyepewa kipaji. Mimi najikaza tu!"

Uwanja ukapasuka. Walicheka wakishikana mabega. Mwoka mikate alicheka mpaka akakohoa. Nilipokuwa nashuka watu walinipigapiga mgongoni, wakaniambia nimefanya vizuri kuliko yeye.

Nimewahi kuibiwa. Nimewahi kuachwa. Sijawahi kupigiwa makofi kwa kusema kweli na isisikike. Nimefika nyumbani nimeupiga mlango teke. Kidole cha mguu kimevimba.

Aprili 22

Nimepiga kura. Si siri: Pilipili.

Aprili 23

Kipenzi ameshinda. Hata kuhesabu ilikuwa heshima tu. Mwoka mikate amegawa mikate bure mtaa mzima. Mama kaletewa mmoja kule kwa Kipenzi, nami nilipokwenda kumwona akaniambia niwape kuku.

Sasa nitasema ninachofikiri, kwa kuwa daftari hili halicheki. Wanampenda, na mapenzi yao si ya uongo. Wanampenda kwa sababu hajawahi kuwanyima kitu. Lakini hajawahi kuwanyima kwa sababu alichogawa hakikuwa chake. Kiongozi mzuri nani atampenda, ikiwa kazi yenyewe ni kumwambia huyu acha na yule toa? Kupendwa kunatosha kumpeleka mtu jukwaani. Tulidhani kunatosha kumpeleka na mferejini.

Mei 3

Mama amerudi nyumbani. Alikataa kula mpaka arudishwe. Kipenzi alimleta kwa gari, akaahidi atakuja kesho kuuona ukuta.

Mei 4

Hakuja.

Mei 5

Hakuja.

Mei 7

Nimemfuata ofisini. Korido imejaa watu wanaocheka. Nimekaa kwenye benchi kama mwananchi. Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya ukuta."

"Dada, usijali."

"Sema ndiyo au hapana."

Akaniangalia kwa macho yale ya utotoni, ya kurudi nyumbani bila viatu. "Usijali," akasema tena, taratibu, na nikaona kwamba ananiomba.

Mei 9

Wingu jeusi tangu asubuhi. Mama alitaka kitanda kiinuliwe zaidi. Matofali yetu yamelainika kwa mafuriko, ukiyashika yanameguka.

"Kuna matofali mazuri pale mferejini," alisema Mama.

Nikachukua nyundo ya marehemu baba na kwenda.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili likang'oa kipande cha chokaa. Nilikuwa napiga chini, karibu na tundu, ndipo nikasikia sauti nyuma yangu: "Anza safu ya juu, mpumbavu wewe, utaangukiwa." Ni Pilipili, na fimbo yake. Hakunisalimu. Nikaanza safu ya juu. Kila tofali lililotoka alilisogeza kwa fimbo na kulipanga, huku akiniambia nilivyoshika nyundo vibaya.

Mwoka mikate akatoka mbio, unga mpaka kwenye nyusi. Alipiga kelele, akapiga simu. Watu wakajaa. Hatimaye gari la diwani likafika na Kipenzi akashuka amevaa koti jipya, na hata katika hali ile kuna waliopiga makofi.

"Mheshimiwa," mwoka mikate alisema, "mwambie dada yako aache. Uliniahidi."

Nikashusha nyundo. "Mheshimiwa, niambie niache. Neno ni moja. Sema hapana."

Nilisubiri kwa dhati. Sehemu ya moyo wangu ilitamani alitamke, hata kama ni juu yangu mimi, ili nijue kwamba kumbe analo. Ningeiweka nyundo chini na kwenda nyumbani. Akamtazama mwoka mikate. Akanitazama mimi. Akawatazama watu, wa juu na wa chini, wote wanangoja uso wake. Ukatabasamu.

"Msijali," akasema. "Wote msijali."

Mimi nikainua nyundo.

Muuza mkaa ndiye aliyefuata, na sururu. Kisha uchochoro mzima. Mvua ilipoanza ukuta ulikuwa umefika magotini, na maji yakaruka juu ya mabaki yake na kwenda zake mtoni bila kutugeukia. Pilipili alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyemwona akienda.

Jioni nilikuwa uani nanawa. Viganja vimechubuka, ngozi imetoka. Nje wapita njia walikuwa wanazungumza, na sauti ya muuza mkaa ilipita sauti zote. "Mmeona lakini? Alisema ukuta utavunjwa, umevunjwa. Diwani ni huyu."

Nilitaka kutoka na beseni. Mama akaniita. Kitanda chake kimeinuka vizuri, amekalia matofali ya mwoka mikate kama malkia. Alivishika viganja vyangu, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akapaza sauti isikike mpaka barabarani.

"Maskini diwani wetu," alisema. "Tazama mikono yake ilivyochubuka."